Fundi wa Mabango Aliyeingia Wodi Namba Saba

Ndugu zangu, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja bila hata kubadilisha viatu, familia imeniteua mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, na kwa kuwa kazi yangu ni kupima ardhi wameniamini kwamba tarehe na mipaka haitanipotea, ingawa naomba ifahamike mapema kwamba karatasi hii imepitia mikononi mwa mama, ambaye ni fundi cherehani, naye ameipunguza hapa, ameikunja pale, na mahali pawili ameifumua kabisa akaishona upya, kwa hiyo mkisikia sifa za mama zimezidi kidogo, mjue mshono huo si wangu.

Baba alizaliwa Jumapili, tarehe 21 Novemba 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa nne kati ya watoto sita wa mlinzi wa geti la kiwanda hicho na mama muuza mkaa, na mkaa huo ndio uliompa kalamu zake za kwanza, maana haukubaki ukuta wala mlango mtaa mzima usiochorwa, na bibi alikuwa akitaka kujua mwanawe kaelekea wapi hakuuliza mtu, alifuata tu michoro ya kuku mpaka akamkuta.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza mwaka 1963, na kuhusu masomo familia imekubaliana kusema ukweli, kwamba katika mtihani wa mwisho wa hesabu baba alipata alama tisa kati ya hamsini, kwa sababu kila jibu alilizungushia fremu yenye maua kwenye pembe nne, muda ukaisha akiwa swali la kumi, lakini mwalimu aliibandika karatasi hiyo ukutani darasani, ikakaa miaka mingi kuliko ya yeyote aliyefaulu.

Mwezi Machi 1964 alikwenda kujifunza kazi kwa mjomba wake, mchora mabango, akakaa naye miaka minane akijifunza kunyoosha mstari kwa kamba ya chaki, kusafisha brashi kwa tapentaini, na kusubiri rangi ya kwanza ikauke kabla ya kupaka mkono wa pili, jambo alilolisisitiza kwa kila mteja hadi akaitwa Mkono wa Pili, na mpaka wiki hii kuna watu waliopiga simu kutoa pole wakiamini marehemu alikuwa akiuza mitumba.

Mjomba alimsifu kwa kila kitu isipokuwa tahajia, kwani baba aliipenda herufi moja moja kwa uzuri wake mpaka akalisahau neno, na pia hakuwa mtu wa kupima nafasi, na ndiyo maana bango lake la kwanza katika karakana yake mwenyewe, aliyoifungua tarehe 2 Mei 1972, lilikuwa la bucha, nalo lilisomeka NYAMA SA kwa herufi kubwa nyekundu, FI ikashukia chini karibu na mfereji wa maji, na kwa miaka mitatu wapita njia walikuwa wakichungulia dirishani kumwuliza mwenye bucha, nyama saa ngapi.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ndilo lililompa mke, maana mwaka 1975 fundi cherehani mmoja, binti mwenye futi ya kupimia shingoni na maneno machache, aliagiza bango la duka lake liandikwe USHONAJI WA KISASA, na baba, ambaye siku ile alimtazama mteja kuliko alivyolitazama bango, aliandika USHONAJI WA KISASI, ndipo binti akarudi karakanani, akasimama mlangoni, akamwuliza kwa utulivu kabisa, "Fundi, nimlipize nani, nianze na wewe?" Baba alijitolea kulirekebisha siku hiyohiyo, lakini wateja walikuwa wameshaanza kumiminika kwa udadisi, kwa hiyo bango likabaki, na fundi wa bango naye akabaki, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Septemba 1976.

Sasa nafika mahali ambapo mama hakupunguza kitu.

Wazazi wetu walipoteza mimba tatu, ya kwanza mwaka 1978 ikiwa na miezi minne, ya pili 1979 ikiwa na miezi mitano, na ya tatu 1981 ikiwa na miezi sita, na baada ya hapo nyumba yao ikawa ya watu wawili wanaotembea kwa ncha za vidole, baba akawa mtu wa kuogopa kila kitu, akimwona mama amebeba ndoo alikimbia, akimwona amekaa alimwuliza kwa nini amekaa, akimsikia anapiga chafya alikwenda kuvaa viatu vya kwenda hospitali.

Mimba ya nne ilipofikisha wiki kumi na nane, tarehe 11 Februari 1983, madaktari walisema mlango wa kizazi umelegea na presha inapanda, wakamlaza mama Wodi Namba Saba, wodi ya mimba zenye hatari, chumba kirefu cha vitanda vinane, kuta za kijivu, madirisha yaliyowekwa juu mno kwa mtu aliyelala, na upande wa miguu wa kila kitanda umeinuliwa juu ya matofali mawili, na agizo la daktari likawa fupi, alale hivyo mpaka mtoto azaliwe, yaani miezi minne na zaidi ya kutazama dari, na mama anasema kwamba ukiwa umelala hivyo huku umeshapoteza watatu, hakuna mchwa anayekula kama fikra, kila tumbo likicheza unahesabu, na likitulia unahesabu zaidi.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa saa kumi hadi kumi na moja jioni, na baba hakukosa hata siku moja, lakini alikuwa akifika anasimama miguuni pa kitanda, ameshika kofia kwa mikono miwili, hasemi neno, anatazama, na baada ya wiki mbili muuguzi aliyekuwa akipima presha aligundua jambo akaliandika kwenye faili, nalo tumelisoma kwa macho yetu, kwamba presha ya mgonjwa hupanda mume anapofika na hushuka anapoondoka, kwa hiyo daktari, kijana aliyekuwa na mwaka wake wa pili kazini, akampunguzia baba ziara, kama mtu anavyopunguziwa chumvi, zikawa mbili kwa wiki.

Mama ndiye aliyevunja ukimya huo, akamwambia, "Umenikodolea macho kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Ukija tena, njoo na kazi."

Alhamisi, tarehe 3 Machi 1983, baba akaja na kazi, bango dogo la kinyozi, herufi zimeshachorwa kwa chaki, akamgeuza mama ubavu wa kushoto kama daktari alivyoagiza, akamwekea bango pembeni juu ya mto, akampa brashi, na kwa saa nzima hawakuzungumza chochote ila upana wa herufi K, na muuguzi alipopima presha baada ya hapo akaitikisa mashine, akapima tena, akaenda kuleta mashine nyingine, kwa sababu ilikuwa imeshuka huku mume bado yuko chumbani.

Wa vitanda vingine saba nao hawakuwa wamelala usingizi, na kabla kengele ya kuondoka haijalia, karani wa posta wa kitanda cha pili alikuwa ameomba apewe herufi moja tu, mwalimu wa hesabu wa kitanda cha tano akaomba mbili, na ndipo msimamizi wa wodi, Sista Mkuu, ambaye wagonjwa walimwita Brigedia akiwa hayupo, na ambaye leo ana miaka themanini na saba na amekaa pale mstari wa mbele, alipoingia, akanusa tapentaini, akamshika baba mkono mmoja na kopo la rangi mkono mwingine, akavitoa vyote viwili nje.

Baba alirudi Jumatatu bila rangi ya mafuta, amebeba rangi za maji, mkaa, chaki, gundi ya unga, kalenda za zamani za kuchorea upande wa nyuma, na mfuko wa vipande vya vitambaa kutoka dukani kwa mama, na kwa kuwa mtu aliyelala hawezi kuinua mikono kwa muda mrefu, alikata vibao vyepesi akavitoboa na kuvifunga kamba kwenye vyuma vya kitanda, kila kibao kwa urefu wa mkono wa mwenyewe, akamwomba Brigedia ruhusa kwa barua, na barua hiyo ilikuwa na makosa kumi na moja ya tahajia, ambayo Brigedia aliyasahihisha yote kabla ya kuandika chini yake, jaribu wiki moja.

Hakujua kufundisha, hilo alikiri mwenyewe, alijua tu kwamba mkono wenye kazi hausikii maneno mengi ya kichwa, basi aliwaambia wachore wanachotaka, na wote wanane, bila kupatana, wakamchora Brigedia, mmoja akamchora na filimbi, mmoja akamchora amempanda farasi, na mwalimu wa hesabu akamchora kwa rula, mraba mtupu wenye miguu, na Brigedia alipoingia bila kubisha hodi wodi nzima ikajifunika mashuka, naye akapita kitanda hadi kitanda mikono imefungwa nyuma, akasimama mbele ya ile ya farasi kwa muda mrefu, akasema, "Kofia yangu haikai hivyo," akatoka.

Wiki iliyofuata aliagiza rangi zote zifungiwe katika kabati la dawa na zitolewe kwa kijiko, na kwa kuwa chochote kinachotoka katika kabati lile lazima kiandikwe, faili za wodi ile za mwaka 1983 zina maneno ambayo wakaguzi wa afya waliyajadili kwa muda mrefu, rangi ya bluu vijiko viwili mara mbili kwa siku baada ya chakula, nyekundu kijiko kimoja, mgonjwa asimeze, na mfua mashuka wa hospitali naye alileta malalamiko rasmi, kwamba mashuka ya Namba Saba yanarudi yamechorwa mbuzi, na kwamba mbuzi wenyewe hawatoki hata kwa maji ya moto.

Yule daktari kijana alipima presha za wanawake wote wanane kabla na baada kwa wiki sita, akawauliza pia kuhusu usingizi wao, na alikuwa mwangalifu sana katika kauli yake, alisema hii si dawa, haishoni mlango wa kizazi na haizuii damu, vidonge viendelee na kulala kuendelee, lakini hofu pia ni mzigo kwa mwili uliolemewa, na mtu akipata cha kushika mkononi, moyo nao hupata mahali pa kukaa.

Naye alisema kweli kwamba haizuii, kwa sababu tarehe 20 Aprili karani wa posta alimpoteza mtoto wake, mimba ikiwa na miezi sita, akarudishwa kitanda kilekile kwa kuwa hapakuwa na kingine, na Alhamisi baba alipofika alikuta vibao vimegeuzwa kifudifudi, na watu wote walitegemea kwamba yeye, mtu wa kuogopa chafya, angegeuka aondoke. Hakuondoka, alivuta kigoda akaketi karibu na kitanda cha pili, kengele ya kuondoka ikalia, Brigedia akaja mlangoni, akatazama, akarudi zake, na baba akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza kazi, "Kule karakanani nina makasha matatu ya kuwekea brashi. Yalikuwa vitanda vya watoto. Kila mara nilikuwa nakitengeneza mimba ikifika mwezi wa nne, nakipaka rangi, halafu nakirudisha kazini. Sikuwahi kumwambia mtu."

Mama, kutoka kitanda cha tatu, alikuwa akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza baada ya kuyafuta vumbi makasha hayo kwa miaka mitano, na anasema hakulia, aliomba tu kibao chake kigeuzwe, na karani naye baadaye akaomba chake, akapaka karatasi nzima nyeusi, akaomba nyingine akaipaka nyeusi tena, baba akimshikia kopo la maji, mpaka kijiko cha rangi nyeusi kikaisha na muuguzi akaenda kuleta kingine bila kuandika.

Nilizaliwa Jumapili, tarehe 19 Juni 1983, saa tano asubuhi, wiki ya thelathini na sita, kwa upasuaji, nikiwa na kilo mbili na gramu mia moja, na muda wote wa upasuaji baba, aliyekatazwa kusimama dirishani, alitafuta shughuli, akaona benchi la varandani limechubuka, akalipiga msasa na kulipaka rangi ya kijani, mkono wa kwanza na mkono wa pili kwa uangalifu mkubwa, ila hakuweka alama yoyote kwamba rangi ni mbichi, na bibi, mama mzaa mama, aliyewasili amevaa gauni lake jeupe, akaketi kusubiri mjukuu, kwa hiyo mgeni wa kwanza niliyeletewa duniani alikuwa na mistari mitano ya kijani nyuma, na bibi hakumsemesha mkwewe mpaka mwaka 1986, na hata hapo ilikuwa kumwomba asogee kidogo asikanyage pindo la gauni.

Mdogo wangu, fundi umeme, alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1988, baada ya mama kulazwa wodi ileile kwa miezi minne na nusu, safari hii akiwa mkongwe wa pale, akiwagawia wengine vibao na kuwakemea wanaochovya brashi chafu kwenye rangi safi.

Baba hakuajiriwa na hospitali ile siku hata moja, lakini alikwenda kila Alhamisi kwa miaka thelathini na sita, wakampa koti jeupe na kibandiko cha jina akiandike mwenyewe, akaandika MSANNI, na kwa muda huo aliwasoma wanawake kuliko alivyowafundisha, alijua nani apewe udongo wa kufinyanga kwa kuwa vidole vyake havitulii, nani apewe sindano na kitambaa, na nani asipewe chochote, aachwe atazame wenzake, kwa sababu, alisema, kuna mtu ukimlazimisha kutulia unamwongezea kazi.

Mimi mwenyewe nililazwa humo tarehe 6 Agosti 2012, mimba ya wiki ya ishirini na nne, presha imepanda, miguu imevimba, na naomba niseme kwamba baba hakunipendelea, aliniita mgonjwa wa kitanda cha nne mbele ya watu wote, akanifungia kibao, na mimi ninayechora ramani za mashamba kwa nukta tatu za desimali nikachora ng'ombe, akamtazama ng'ombe wangu kwa heshima, akauliza kama sanduku lile limefungwa au liko wazi, nikacheka mpaka muuguzi akaja, nami nilikuwa sijacheka kwa siku kumi na moja. Alipokuwa akikusanya brashi nikamwuliza lile nililokuwa sithubutu kumwuliza daktari, je, baba, nikimpoteza. Hakunidanganya. Akasema, "Sijui, mwanangu. Ninalolijua ni kwamba Alhamisi nitakuja." Akaja, na iliyofuata, na zote kumi na mbili, na mjukuu wake yule pale, amevaa sweta la njano, anasubiri nimalize kwa sababu ana njaa.

Mwaka 2016 mikono ya baba ilianza kutetemeka, madaktari wakautambua ugonjwa, naye akasema kwamba angalau sasa makosa yake yana cheti, akaendelea na Alhamisi zake hadi Desemba 2019, alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi za wodi, na tarehe 15 Aprili 2024 alilazwa yeye mwenyewe kwa homa ya mapafu, wodi ya wanaume, akawa mgonjwa mbaya kuliko wote waliopata kupita hospitali ile, alikosoa rangi ya mapazia, alimwambia mgonjwa jirani anakoroma bila mpangilio, na muuguzi mmoja aliyefundishwa kazi na Brigedia alipomletea kibao na rangi ili kumtuliza, alijibu kwamba anashukuru sana ila yeye si mjamzito. Siku ya tatu akakiomba kibao kwa siri.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 8 Mei 2024, saa nne, alimwuliza mama kama amekula, mama akasema bado, akamwambia aende akale, mama akasema hana hamu, akamwambia yeye hawezi kupumua vizuri akijua kuna mtu ana njaa kwa ajili yake, basi mama akashuka kantini, akanywa chai na kipande cha mkate, akakaa muda mfupi kuliko alivyoahidi, na aliporudi baba alikuwa ameshaondoka, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Wengi mmemwuliza mama kama anajuta kushuka, na ameniomba niwajibu hadharani ili asiulizwe tena, kwamba hajuti, alitumwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa walioendelea kumjibu kwa upole kuhusu mapazia, inawashukuru majirani mliopika, mliobeba viti na mliolala nasi chini, mafundi wenzake waliofunga karakana siku tatu, yule daktari aliyekuwa kijana, ambaye sasa amestaafu na ameendesha gari tangu alfajiri, Sista Mkuu wetu, ambaye leo amekubali tumwite Brigedia akiwepo, mara hii moja tu, na akina mama wote wa Namba Saba, mliotoka na watoto na mliotoka mikono mitupu, maana nimewaona mmeketi pamoja bila kupangwa na mtu.

Maneno ya kumuaga si yangu, ni ya mama, ameniandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, nami nayasoma yalivyo.

"Mume wangu, umeniogopea kwa miaka arobaini na saba. Mimi ni mzima, nimekula, watoto wote wawili wako hapa. Sasa unaweza kupumzika, tena kwa amani."